Nyumba ya miaka ya 1930 Jinja imekuwa ukumbi wa picha: luksi 200 zipo, lakini wekundu umekufa. Kosa ni la taa, dirisha au jengo?

#1 Nyumba_Kongwe
Salaam wadau. Kuna nyumba ya miaka ya 1930 hapa Jinja, matofali ya kuchoma, plasta ya chokaa, paa la vigae, na baraza ya upana wa mita 2 upande wa kaskazini. Sebule sasa ni ukumbi wa picha za mafuta. Chumba cha mashariki kina kazi za lubugo (kitambaa cha gome la mti wa mutuba) na michoro ya karatasi. Dari iko mita 3.9, sakafu ni ile saruji nyekundu ya kusuguliwa kwa nta.

Halojeni za wati 50 zimetolewa, zimewekwa LED tisa za wati 5 kwenye reli iliyo sentimita 60 kutoka ukutani. Dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga, ni ileile ya zamani. Mita ya mwanga inasoma luksi 200 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya uso) katikati ya picha, kiwango kinachotajwa kila mahali kwa rangi za mafuta. Hata hivyo wekundu unaonekana kama kutu, na jioni baadhi ya taa zinapepesa. Madirisha ya kaskazini yameachwa wazi makusudi, maana vitabu vyote vya majumba ya sanaa vinasifu mwanga wa kaskazini. Nianzie wapi?

#2 FundiStima
Anzia kwenye boksi la taa. Tafuta namba mbili: Ra na R9. Ra ni wastani wa rangi nane zilizopooza, nyekundu kali haimo. Nyekundu kali ndiyo R9. Taa nyingi za dukani zenye Ra 80 zina R9 karibu na sifuri, nyingine ziko chini ya sifuri. Halojeni ilikuwa karibu na 100 kwa zote mbili, kwa hiyo umetoa taa iliyojua nyekundu ukaweka isiyoijua. Nunua Ra 95, R9 isipungue 80, kelvini 3000 (kelvini ni rangi ya mwanga: ndogo ni ya manjano, kubwa ni ya buluu). Kama boksi halitaji R9, irudishe rafuni.

#3 Mwanga_Mbale
Kabla ya taa, hilo la kaskazini lirekebishwe. Sheria ile iliandikwa kwa ajili ya London na Paris, ambako adhuhuri jua haliwi kaskazini hata siku moja ya mwaka. Jinja iko chini ya nusu digrii juu ya ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua liko upande wa kaskazini, na Juni adhuhuri linasimama nyuzi 67 juu ya upeo, kaskazini kabisa. Nusu ya mwaka dirisha lako la kaskazini ni dirisha la jua. Nusu nyingine zamu ni ya kusini.

Baraza inakuokoa kwa sehemu. Kwa hesabu ya Juni, ukingo wa paa uliotokeza mita 2 unatia kivuli mita 2.3 kwenda chini kuanzia saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi hadi saa kumi na moja kasoro kidogo jioni. Nje ya saa hizo jua linapita chini ya ukingo. Na adhuhuri ya kweli Jinja si saa sita, ni karibu saa saba kasoro robo, maana saa yetu inafuata mstari wa digrii 45 mashariki nasi tuko 33. Ukipima kivuli saa sita kamili ukadhani ndiyo kilele, mahesabu yote yanateleza.

#4 Kipimo_Gulu
Mkuu #1, sentimita 60 kwa dari ya mita 3.9 ni karibu mno. Katikati ya picha iko mita 1.5, basi taa iko mita 2.4 juu yake. Pembe inakuwa nyuzi 14 tu kutoka wima. Mwanga unakwaruza uso wa picha, kila mwinuko wa rangi nene unaweka kivuli chake, na picha nzima inaonekana chafu. Fremu iliyotokeza sentimita 5 inatupa kivuli cha sentimita 20 juu ya kazi. Kwa nyuzi 30 kivuli hicho ni chini ya sentimita 9.

Umbali sahihi: 2.4 mara 0.577, yaani mita 1.39 kutoka ukutani. Mwendo wa mwanga hadi katikati ya picha ni mita 2.77. Ukitaka luksi 200: 200 mara 2.77 mara 2.77, unahitaji kandela 1,535 hivi (kandela ni nguvu ya mwanga wa taa kuelekea upande mmoja).

#5 Kandela
Kipimo_Gulu, umbali ni sawa, ila kandela umezikata nusu. Kanuni hiyo ni ya uso unaotazama taa moja kwa moja. Ukuta umesimama, mwanga ukishuka nyuzi 30 kutoka wima unaupiga ukuta nyuzi 60 kutoka mstari wake wa mbele, na kosini ya 60 ni nusu. Kwa hiyo ni kandela 3,070 kwa luksi 200, na 770 kwa luksi 50.

Sasa mleta uzi, fanya hesabu hiyohiyo kwa reli yako ilivyo leo. Kwa sentimita 60, taa ya kandela 1,000, ambayo ni kadirio la haki kwa wati 5 yenye mwale mpana, inaweka ukutani kama luksi 40. Ongeza inayomwagika kutoka taa za jirani, labda 60. Hizo 200 zimetoka wapi? Zimetoka dirishani. Pima tena usiku, kioo cha mita kikiwa sambamba na turubai. Wengi hukishika kikitazama dari.

#6 Nyumba_Kongwe
Asante Kandela. Nimepima jana saa mbili usiku, mita sambamba na turubai: 55. Mchana palepale: 210. Na kuna jipya: usiku picha mbili karibu na mlango zimefufuka, nyekundu ni nyekundu. Mbili za ukuta wa ndani bado ni kutu. Boksi zinasema Ra 80, R9 haikutajwa.

#7 FundiStima
Basi nimesema.

#8 Mwanga_Mbale
Hujasema yote, ssebo. Kama kosa ni R9 peke yake, picha za mlangoni zisingefufuka usiku kwa taa zilezile. Kilichoondoka usiku ni anga. Mwanga wa anga ya buluu unaoingia dirishani ni kelvini 10,000 na zaidi, taa zako huenda ni 3000. Jicho linajisawazisha mahali fulani katikati, rangi za joto zinaonekana zimechakaa na mwanga wa taa unakuwa manjano. Ukuta wa ndani unapata anga kidogo, ndiyo maana haukubadilika.

#9 Kandela
Hoja yako inaeleza mlango. Haielezi kwa nini ukuta wa ndani ni kutu mchana na usiku. Napendekeza sababu ya tatu: luksi 55 ni chache kwa rangi za mafuta. Mwanga ukipungua, ukolezi wa rangi unapungua machoni hata taa iwe bora namna gani. Picha ile ikipata 200 za kweli kutoka kwenye taa, huenda tusingekuwa na uzi huu.

#10 Mhifadhi_Dada
Mnazungumza mafuta, mimi naogopa chumba cha mashariki. Lubugo na karatasi zimo mle, na dirisha la mashariki linapata jua kila asubuhi, mwaka mzima, hakuna msimu wa kupumzika.

Uharibifu ni jumla ya luksi mara saa, haurudi nyuma. Kwa vitu dhaifu kabisa mwongozo wa CIE (tume ya kimataifa ya mwanga) wa 2004 unatoa luksi-saa 15,000 kwa mwaka. Kwa luksi 50 hiyo ni saa 300, yaani siku 37 na nusu za saa nane, kisha kazi inarudi sandukuni. Jua la asubuhi likigusa lubugo kwa luksi 50,000, dakika 18 zinamaliza posho ya mwaka mzima. Usiku wa leo kabla ya lolote, dirisha lile lifunikwe.

Tena hesabuni saa za usafi. Taa zikiwaka saa mbili kwa ajili ya kufagia kabla ya kufungua, hizo ni saa za kweli kwa lubugo ingawa hakuna mgeni.

#11 Mutuba_Masaka
Dada, nakubaliana na dirisha, sikubaliani na 15,000. Kiwango hicho ni cha hariri, gazeti, na rangi zinazojulikana kupauka upesi. Lubugo lisilotiwa rangi ni nyuzi za gome la mutuba na kahawia yake ya asili; mimi naliweka daraja la kati pamoja na rangi za maji na nguo: 50 luksi, 150,000 kwa mwaka. Hiyo ni saa 3,000, ukumbi wa kawaida haufiki hapo. Ufundi huu umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008. Watu wanakuja kuuona, ukiuonyesha siku 37 tu kwa mwaka unakuwa umeuzika.

#12 Mhifadhi_Dada
Lisilotiwa rangi, sawa, tunaweza kujadili. Lakini wasanii wa sasa wanalitia wino, rangi za maji, hata rangi za nguo za dukani, na hakuna anayekupa orodha ya alichotumia. Mahali nisipojua rangi, nafuata kiwango kikali. Weka kadi ya sufu ya buluu, ile yenye vipande vinane, nusu imefunikwa kwa karatasi ya alumini, kando ya kazi. Kipande cha kwanza kikipauka haraka, ubishi umekwisha.

#13 Mutuba_Masaka
Kadi naikubali. Kupauka inaonyesha, kukatika kwa nyuzi haionyeshi. Gome linaweza kuwa na rangi nzuri na huku linakuwa kama mkate mkavu.

#14 FundiStima
Turudi kwenye kupepesa, hakuna aliyemjibu. Dima yako ya ukutani ina maandishi. Bila shaka ni kitu kama 60–400W. Ilitengenezwa kwa nyuzi za moto. Taa tisa za wati 5 ni wati 45, chini ya kiwango chake cha chini, haishiki vizuri. Weka dima ya LED ya kukata ukingo wa nyuma wa wimbi la umeme (trailing edge), kuanzia wati 5, na uhakikishe taa zenyewe zimeandikwa zinapunguzwa. Bora zaidi: taa zenye draiva (kifaa kinacholisha LED umeme) ya DALI, mfumo wa kuamuru taa kidijitali, kila moja na anwani yake, unapunguza moja moja bila kugusa nyingine.

#15 Waya_Kuukuu
Dima inaweza kuwa, lakini mbona jioni tu? Jioni mtaa mzima umewasha, volti inashuka. Na katika nyumba ya umri huo mimi ningeanza na nyutro iliyolegea kwenye maungio. Pima kati ya laini na nyutro, halafu nyutro na ardhi, taa zikiwa zinawaka, mchana na jioni. Nyutro na ardhi zikipishana volti kadhaa chini ya mzigo mdogo hivyo, kuna kiungo kibovu. Kama nyumba ina fezi tatu, nyutro ikikatika kabisa taa zinaweza kusukumiwa volti zinazokaribia 415. Hilo si la kusubiri wikendi.

Fungua na swichi moja uangalie waya. Nyumba za miaka hiyo zilifungwa waya wa mpira uliovikwa kitambaa. Mpira ukizeeka unavunjika kama biskuti ukiukunja. Pima insulesheni kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, ukiwa UMETOA taa na draiva zote kwanza, vinginevyo unaziua. Chini ya megaomu 1, saketi hiyo haitumiki. Baada ya hapo kinga ya 30 mA ya kukata umeme ukivuja na kizuia mawimbi ya radi kwenye bodi. Jinja na radi mnajuana.

#16 FundiStima
Na kama kuna inveta ya bei nafuu inayoingia umeme ukikatika, mkuu, hiyo nayo haitoi wimbi laini. Draiva zinalia na kupepesa.

#17 Nyumba_Kongwe
Inveta ipo. Sijui kama ilikuwa kazini saa hizo. Nitaandika saa na chanzo cha umeme kila zikipepesa.

#18 Baraza_Entebbe
Wote mnatazama picha, hakuna anayemtazama mgeni. Uani kwenye jua kuna luksi 100,000. Barazani kivulini, 10,000 hivi. Anavuka kizingiti anakuta 55. Jicho linahitaji karibu dakika 10 hata koni zake, chembe zinazoona rangi, zitulie, naye anakaa mbele ya picha ya kwanza sekunde 20. Mwenye miaka 60 mboni na lenzi zake zinapitisha kama theluthi ya mwanga unaomfikia kijana wa 20. Kwa hao wawili, picha ya mlangoni mchana itakuwa imekufa hata ukiweka R9 ya 100.

Dawa ni kushusha kwa hatua: baraza, kisha ukumbi mdogo wa kuingilia wenye luksi 300 au 400, kisha 150, ndipo chumba. Meza ya tiketi, maelezo ya ukutani, ramani, vyote viwekwe hapo kati ili mgeni asimame bila kujua kwamba anasubiri macho yake. Nyumba za enzi ile zina korido; korido hiyo ni mali kuliko reli yoyote.

#19 Kipimo_Gulu
Naafiki, na asante Kandela kwa kosini. Naongeza mtuhumiwa mwingine: sakafu. Saruji nyekundu iliyong'arishwa inarudisha mwanga mwekundu chumbani kote, jicho linauzoea wekundu, na nyekundu ya picha inapoteza nguvu. Tandika shuka jeupe mita 3 mbele ya ukuta wa ndani, tazama tena.

#20 Mwanga_Mbale
Ingekuwa sakafu, nusu ya chini ya picha ingeathirika kuliko ya juu. Mleta uzi hajasema hivyo. Lakini jaribio la shuka ni rahisi, lifanyike.

#21 Kenchi
Kabla hamjamtuma kuhamisha reli hadi mita 1.39: dari ni ya nini? Ubao haubebi kitu, boriti za juu yake ndizo zinazobeba. Tafuta mistari ya misumari kwa sumaku ndogo, skrubu ziingie kwenye boriti tu. Panda juu na tochi uzigonge: mchwa hula ndani na kuacha ganda zima. Draiva usizifiche kule juu. Chini ya paa saa tisa mchana kunaungua, hasa la mabati, na kila nyuzi 10 za ziada zinapunguza umri wa kapasita zake karibu nusu. Kinyesi cha popo nacho kinashika unyevu na kula maungio.

#22 Baraza_Entebbe
Mzee Kenchi, kila uzi lazima utupandishe darini :)

#23 Kenchi
Huko ndiko moto unakoanzia bila mtu kuuona, mwanangu. Jengo kuu la Makerere, la 1941, tuliliona likiwaka Septemba 2020. Sababu tusibishane hapa. Ukongwe wa mbao tunaujua wote.

#24 Nyumba_Kongwe
Dari ya sebuleni ni mabamba bapa ya kijivu, magumu, yameunganishwa kwa vipande vya mbao.

#25 Kenchi
SIMAMA. Usitoboe. Usisugue. Mabamba ya kijivu ya zama hizo yanaweza kuwa na asbesto. Kipande kichukuliwe na mwenye ujuzi na vifaa, kipimwe maabara, hadi hapo drili ikae chini. Reli iliyopo sasa ilifungwaje?

#26 Nyumba_Kongwe
Kwenye vipande vya mbao vya ukutani, haikutobolewa kwenye bamba.

#27 Kenchi
Afadhali. Basi jenga fremu ya kusimama: nguzo za bomba la mraba 50 kwa 50, nene milimita 3, zenye vitako vipana juu ya raba, na boriti ya juu mita 3.2. Haigusi dari, haigusi plasta ya chokaa, na siku nyumba ikibadilishwa kazi inaondoka bila kovu. Waya upite ndani ya nguzo.

#28 Kandela
Kwa mita 3.2 hesabu inabadilika: 1.7 mara 0.577, reli iwe mita 0.98 kutoka ukutani. Mwendo ni mita 1.96. Mwale wa nyuzi 15 unatoa duara la nusu mita, 24 unatoa sentimita 83, 36 unatoa mita 1.27. Kandela kwa luksi 200 zinashuka hadi 1,540 hivi. Picha yenye kioo, simama pale mgeni anaposimama uone kama unaona taa ndani yake. Ukiiona, sogeza reli kidogo kuelekea ukutani au inamisha juu ya fremu mbele kwa sentimita 2.

#29 Mhifadhi_Dada
Na madirisha? Naona mmeyaacha.

#30 Mwanga_Mbale
Sijayaacha. Ila sitaki yazibwe kwa matofali au mbao za kudumu. Nyumba bila madirisha yake si nyumba ile tena. Filamu ya kuzuia urujuanimno kwenye vioo vya zamani inaongeza joto la kioo, chembamba kinaweza kupasuka, na gundi yake kuitoa ni shida. Tengeneza fremu nyepesi ya mbao inayokaa ndani ya tundu la dirisha kwa kubana, bila skrubu, uivike marekani tabaka mbili. Mashariki ongeza kitambaa cheusi nyuma yake. Kaskazini acha kidirisha kimoja cha juu kipitishe mwanga kidogo kwenye dari, mgeni ajue kuna mchana.

#31 Mhifadhi_Dada
Chumba cha lubugo mimi sipitishi hata kidogo.

#32 FundiStima
Nyumba_Kongwe, kabla ya fremu na mashuka: hamisha taa za ukuta wa ndani ziende mlangoni na za mlangoni ziende ukuta wa ndani, usiku huohuo. Kutu ikihama na taa, ni taa. Tazama na namba ya toleo kwenye vitako, inawezekana zimetoka katoni mbili tofauti.

#33 Kandela
Na ikihama, usiache kupima luksi kila upande. Taa iliyohama na mwanga wake umehama. Utakuwa hujatenganisha R9 na uchache wa mwanga.

#34 Arua_Taa
Nimechelewa. Swali la pembeni: kwa kumbi zinazofunguliwa jioni karibu na ziwa, wadudu mnawazuiaje? Wakishaingia wanatua kwenye turubai yenye mwanga na kuacha madoa ambayo hayatoki kwa kitambaa kikavu.

#35 Baraza_Entebbe
Nje weka taa ya rangi ya kaharabu, kelvini 2200 au chini, maana inavuta wadudu wachache, na iwe mbali na mlango, mita 6 na zaidi. Mlango wa kwanza ufungwe kabla wa pili haujafunguliwa. Wavu wa tundu la milimita 1 kwenye matundu ya hewa ya juu, lakini uwe wa kutoa, maana unajaa baada ya wiki moja ya wadudu wengi na chumba kinakosa hewa.

#36 Mhifadhi_Dada
Na madoa Arua_Taa usiyaguse kwa mate wala maji ya bomba. Piga picha yake kwa mwanga wa pembeni, andika mahali lilipo, mwite mhifadhi.